MLANGO WA BABU ZETU WAGEUZWA PAMBO UKUTANI KWA KIGOGO!

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

Ndugu msomaji, hasa wewe kijana wa Tunduma unayeamka saa kumi alfajiri kuwahi foleni ya malori, nikopeshe dakika chache. Leo sizungumzii bei ya dizeli, wala kwacha, wala ushuru wa halmashauri. Leo nazungumzia mlango. Ndiyo, mlango wa mbao. Usicheke. Nchi huuzwa kwa njia nyingi. Kuna kuuzwa kwa mikataba, kalamu ikikimbia mezani kwa waheshimiwa. Na kuna kuuzwa kipande kwa kipande, kwa nyundo na msumeno, mchana kweupe, na wenye mali ndio wanaobebeshwa mzigo kwa ujira wa soda.

Kisa chenyewe ni hiki. Kiangazi kilichopita rafiki yangu mmoja, dereva wa lori, aliniita tuonane kwenye nyumba moja ya wageni hapahapa mjini. Jina la nyumba hiyo silitaji, kwa sababu ugonjwa ninaousema hauko kwenye nyumba moja. Ni jengo jipya, vioo vya buluu mbele, mashangingi mawili uani, jenereta kubwa kama la hospitali. Tukaketi sebuleni. Juu ya kochi, ukutani, nikaona ubao mrefu wa nakshi, urefu wake kama mtu mzima alivyolala, umewekewa taa ndogo tatu za kuumulika kama vile ni picha ya Rais.

Nikasogea karibu. Ndugu zangu, mimi nimekaa pwani miaka kadhaa, mlango naujua ninapouona. Lile halikuwa pambo lililotoka kwa fundi wiki iliyopita. Kilikuwa kizingiti cha juu cha mlango wa zamani: mawaridi yamepangwa katikati, mashina ya yungiyungi yanajipinda kama moshi, mti umekuwa mweusi kwa umri na kwa mikono ya watu. Na katikati ya ua moja, pale fundi wa kale alipotumia pengine siku nzima kuchonga, imepigwa skrubu mpya inayong'aa.

Mwenye nyumba akaona ninavyoshangaa, akaja anatabasamu.

"Antiki hiyo, mdogo wangu. Nimeitoa pwani."

"Shikamoo mzee. Imetoka kwenye nyumba ya nani?"

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Nyumba? Hiyo si nyumba, kijana. Hiyo ni mbao."

Hiyo ni mbao! Yashike maneno hayo, tutayarudia.

WALIIKATA, WAKACHEMSHIA CHAI

Sikulala vizuri. Kesho yake nikaanza kuulizia, na mji wetu huu hauna siri. Ukiongea na wapiga debe wawili na muuza chipsi mmoja, habari zote unazo. Kabla ya saa sita nilikuwa nimempata seremala aliyekipachika kizingiti kile, kijana mmoja wa Majengo, mchapakazi, mikono imejaa gundi. Hakunificha kitu.

"Kaka, mimi nililetewa ubao nikaambiwa uingie kati ya televisheni na kiyoyozi. Ukagoma. Bosi akasema punguza futi moja na nusu. Nikapunguza."

"Kipande ulichokata kiko wapi?"

"Tulichemshia chai. Mti mkavu ule, kaka, unawaka kama umemwagiwa mafuta ya taa."

"Kilikuwa na nini kipande hicho?"

Akafikiri kidogo, akajifuta uso. "Kulikuwa na maandishi ya Kiarabu. Na tarakimu."

Ndugu msomaji, nilikosa la kusema. Katika milango ya pwani, mwenye nyumba alipoamua kuandikisha neno juu ya mlango, mara nyingi ilikuwa aya ya Kurani, au jina lake, au mwaka wa Hijria ambao mlango ulisimamishwa. Kwa lugha nyepesi, kile kipande kilichochemsha chai ndicho kilichokuwa cheti cha kuzaliwa cha mlango ule. Kilichobaki ukutani ni marehemu asiye na jina, asiye na kwao, asiye na mwaka, amevalishwa taa tatu.

Simlaumu yule fundi. Alilipwa elfu ishirini na familia ikala. Shule aliyosoma hakuna aliyemwambia kwamba ubao unaweza kuwa kitabu. Lakini wako watu wanaolipwa mshahara kila mwezi kwa kazi ya kulijua jambo hilo. Hao ndio ninaowataka.

SHERIA IPO TANGU 1964, IMELALA

Najua kuna msomaji anayeuliza: mtu kanunua ubao kwa fedha yake, kosa liko wapi?

Haya, twende kwenye karatasi za Serikali yenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, haikuusahau mlango. Iliutaja waziwazi. Mlango wa mbao au fremu ya mlango iliyochongwa Tanganyika, kwa mtindo wa Kiafrika au wa nchi za Mashariki, kabla ya mwaka 1940, ni kitu kinacholindwa. Kuutoa nje ya nchi kunataka kibali. Zanzibar nako, ambako mambo haya yana mamlaka yake, kuna sheria ya kuhifadhi mambo ya kale tangu mwaka 1927, na Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Umeiona sasa maana ya zile tarakimu? Sheria nzima imesimama juu ya mwaka. Ukiukata mwaka ukauchemshia chai, umeikata sheria miguu. Akija mkaguzi kesho, tajiri atasema huu ulichongwa juzi. Nani atabisha? Shahidi ameshakuwa majivu.

Sheria hii ilitungwa wakati wa TANU, mama mzazi wa chama kinachotawala mpaka leo. Sisi wa upinzani tunasimangwa kila siku kwamba hatuna shukrani, kazi yetu ni kupinga tu. Basi leo, mbele ya mashahidi, tunawashukuru. Asanteni sana kwa kutunga sheria nzuri mwaka 1964. Sasa tunaomba muiamshe. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ana wajukuu, na sheria bado iko usingizini.

GUNIA LA MKAA LANASWA, MLANGO WAPIGIWA SALUTI

Kutoka Dar es Salaam mpaka hapa Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Unaijua barabara hiyo kuliko mimi. Kuna Mikumi, kuna mlima Kitonga, kuna Makambako, Mbeya, Vwawa, na mwisho unakutana na mizani ya Mpemba. Humo njiani kuna trafiki, kuna mizani, kuna vizuizi vya maliasili.

Sasa niambie. Kijana akifunga gunia moja la mkaa kwenye pikipiki bila risiti, atavuka? Hathubutu. Atasimamishwa, ataulizwa kibali, mkaa utashushwa, na kama hana "lugha nzuri" pikipiki italala kituoni. Mama akibeba mbao sita za kupaulia banda la kuku ataulizwa zimekatwa msitu gani na nyundo ya Serikali imegongwa wapi. Lakini ubao wa nakshi uliosafiri kutoka pwani ukapita vizuizi vyote hivyo, umefungwa blanketi ndani ya gari la tajiri, ulipigiwa saluti. Safari njema, mheshimiwa!

Na hapa ndipo penye kichekesho cha kulia. Wizara inayosimamia misitu na wizara inayosimamia malikale ni hiyohiyo moja, Maliasili na Utalii. Mwili mmoja, macho mawili. Jicho la mkaa limetumbuliwa kama la bundi. Jicho la mlango limefumbwa. Kwa nini? Mimi nawaambia kwa nini. Mkaa ni biashara ya mlalahoi, na mlalahoi hukamatika. Mlango wa nakshi ni starehe ya kigogo, na kigogo ana namba ya simu ya mtu.

Sisi wa mpakani tuna haki ya kusema zaidi ya wengine. Mwaka 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma na Nakonde. Tukaambiwa mambo yatakuwa ya kisasa, ukaguzi wa pamoja, malori yatapita kwa saa chache. Vizuri. Nauliza swali moja dogo: kati ya maofisa wote wanaosimama pale, ni wangapi waliowahi kuonyeshwa hata picha ya mlango wa kabla ya 1940? Ni nani pale anayejua tofauti ya mwimo wa mlango wa zamani na mguu wa kitanda? Ukiwa na fremu ya nakshi ndani ya makochi ya kuhamisha, ukaandika "samani zilizotumika", nani atakuuliza?

Na msije mkasema Tunduma haijui thamani ya mti. Hapa watoto wanatofautisha mninga na mkurungu kwa harufu. Tumeona magogo mekundu ya mkurungu, ambao Wazambia huuita mukula, yakitoka ng'ambo kwenda bandarini Dar es Salaam na kupakiwa meli za China, huko yakageuzwa fenicha za kifahari. Ilifika mahali mwaka 2019 mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ukauingiza mti huo katika orodha ya miti ambayo biashara yake lazima idhibitiwe. Dunia nzima ilishtuka kwa ajili ya gogo ambalo halijachongwa. Je, ubao ambao fundi aliumaliza kuuchonga, wenye jina la mtu na mwaka wake, hauna hadhi kuliko gogo?

KIMONDO KIMEPONA KWA SABABU YA UZITO

Tusiende mbali. Hapa mkoani kwetu Songwe, Ndolezi, Mbozi, kuna kimondo ambacho dunia nzima inakijua. Ni chuma cha kutoka mbinguni, tani zisizopungua kumi na mbili. Mzungu alikitangaza mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa nacho siku zote. Mwaka huohuo mpimaji wa miamba wa serikali ya kikoloni alikaa saa kumi anakikereza kwa msumeno wa chuma apate kipande cha kuondoka nacho. Saa kumi! Alama ya msumeno ipo mpaka leo, nenda ukaione.

Leo kimondo kina uzio, kina kibao, kina wageni wa kukitembelea, na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro imekabidhiwa kukitunza. Safi sana. Lakini tusijidanganye kwamba kimepona kwa sababu ya uzalendo. Kimepona kwa sababu hakibebeki. Kingekuwa na kilo arobaini, leo kingekuwa meza ya kahawa sebuleni kwa mtu. Mlango una bahati mbaya moja tu: vijana wanne wanaweza kuubeba.

"LAKINI HIYO NI MILANGO YA WAARABU"

Hapa nategemea kupigwa mawe na vijana wenzangu. Najua mnachotaka kusema, maana nimekisikia kijiweni: hiyo ni milango ya Waarabu, ilikuwa ya mabwana wa watumwa, waache wauze, waache waikate, inatuhusu nini sisi Wanyamwanga, Wanyiha na Wandali?

Swali zuri. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike.

Mlango wa nakshi haukushuka kutoka mbinguni kama kimondo. Uligharimu fedha, na fedha ya pwani karne ya 19 ilitoka kwenye nini? Ilitoka kwenye karafuu, pembe za ndovu na watu. Karafuu ilichumwa na watumwa, pembe ilibebwa mabegani kutoka bara. Bara lipi? Bara letu hili. Mwaka 1867 Tippu Tip alimpiga mtemi Nsama wa Itawa, huko kaskazini ya Zambia ya leo, ng'ambo ya Nakonde, akapata shehena kubwa ya pembe. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili. Alifariki Unguja mwaka 1905, na nyumba yake iko Shangani mpaka leo, na mlango wa nakshi mbele. Karonga, safari fupi kutoka Ileje, Mlozi alijenga ngome yake akiwinda watu na pembe mpaka Waingereza walipomnyonga mwaka 1895.

Kwa hiyo, kijana wa Tunduma, ukiona mlango wa nakshi wa zama zile usiseme haukuhusu. Kwenye mti ule kuna jasho la mtu aliyetembea kutoka huku kwetu akiwa na pembe begani na mnyororo shingoni. Kwenye miimo ya milango mingi umechongwa mnyororo. Wataalamu wanabishana maana yake, wengine wanasema ni wa ulinzi wa nyumba, wengine wanasoma jambo jingine. Mimi sibishani nao. Nasema tu kwamba mlango ule ni shahidi. Na walioushika patasi wengi walikuwa mafundi wa Kiswahili na wa Kihindi, wafanyakazi kama yule seremala wa Majengo. Sultani hakuchonga hata ua moja.

Shahidi wa dhuluma hauzwi. Ukimuuza, kesho watakuja watu wenye suti watuambie dhuluma haikuwepo. Utawaonyesha nini? Ubao futi nne na nusu juu ya kochi?

"BORA KWANGU KULIKO KULIWA NA MCHWA"

Wenye fedha wana hoja moja nzito, na mimi si mwoga wa hoja. Wanasema: nyumba za kale zinaanguka zenyewe. Serikali haizitunzi. Mchwa wanakula, mvua inabomoa. Je, si heri mimi niliyeununua nikauwekea taa na kuupaka mafuta?

Ni kweli nyumba zinaanguka. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu ya Beit el Ajaib pale Forodhani, jumba lililojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, iliporomoka wakati wa ukarabati na watu wawili wakafa. Kama jumba maarufu kuliko yote linaweza kudondoka hivyo, itakuwaje nyumba ya mjane wa Bagamoyo au Kilwa Kivinje isiyo na mfadhili?

Lakini tazama hila iliyomo katika hoja hiyo. Nyumba ikiondolewa mlango, mvua inaingia. Mvua ikiingia, ukuta wa mawe na chokaa unalainika. Ukuta ukilainika, kila mtu anasema "si mnaona, nyumba yenyewe ilikuwa gofu". Dalali wa antiki haji kuokoa nyumba iliyokufa. Anakuja nyumba ikiwa mgonjwa, anamshikisha mjane fedha ya dawa, anaondoka na moyo wake. Halafu anajiita mhifadhi!

Angekuwa mhifadhi kweli angefanya mambo matatu mepesi. Angeandika mlango umetoka nyumba gani, mtaa gani, kwa nani. Angeupiga picha kabla hajaung'oa. Na asingeruhusu msumeno. Huyu wetu hakufanya hata moja. Aliyeokoa alama zote akapoteza jina ameokoa nini?

MAJIRANI WALIDAI, WAKARUDISHIWA

Msidhani mambo haya hayana mwisho. Tazameni Kenya. Wamijikenda wa pwani huchonga nguzo za mbao ziitwazo vigango, wakazisimika kuwakumbuka wazee waliofariki. Si mapambo. Ni wazee wenyewe wamesimama. Wakaja wafanyabiashara, wakanunua nyingine kwa vijana waliokuwa na njaa, nyingine zikaibwa usiku, zikasafirishwa Marekani kuwa mapambo ya kuta za matajiri. Mtu wa sinema wa Hollywood anakunywa mvinyo chini ya babu wa mtu wa Kaloleni, wala hajui.

Ikachukua miaka, lakini watu hawakunyamaza. Vigango viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilifuatiliwa mpaka kwenye makumbusho mbili za Marekani, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa familia ile. Makumbusho ya Denver nayo ikavirudisha thelathini mwaka 2019. Ni nini kilichowezesha vile viwili vya kwanza kurudi nyumbani? Vilikuwa na picha! Mtafiti alikuwa amevipiga picha vikiwa bado vimesimama kwao, kwa hiyo mwenye navyo hakuwa na la kujibu. Kilichowarudisha wazee wale kwao ni picha moja na jina moja.

Ndiyo maana nasema ule mkato wa futi moja na nusu ni jinai kubwa kuliko ununuzi wenyewe. Kitu kilichoibwa kikiwa na jina kinaweza kurudi. Kisicho na jina hakirudi, maana hakuna mlango wa kukigongea.

TUNATAKA NINI?

Tabia ya wanamageuzi wa kweli si kulalamika na kwenda kulala. Tunataka mambo manne, na yote yanawezekana bila mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwanza, milango ihesabiwe. Bagamoyo, Kilwa Kivinje, Mikindani, Pangani, Tanga, kila mlango wa nakshi upigwe picha, uandikwe mtaa na nyumba. Vijana waliomaliza kidato cha nne wanazo simu zenye kamera mifukoni na hawana kazi. Wapeni kazi hiyo.

Pili, picha hizo zibandikwe hapa kituoni mpakani, na kwenye vizuizi vyote, pale palipobandikwa matangazo ya mkaa. Ofisa wa maliasili anayejua kusoma risiti ya gunia moja hawezi kushindwa kulinganisha picha na ubao.

Tatu, mwenye hoteli, baa au jumba aliyetundika ubao wa kale aulizwe swali lilelile anaulizwa mama wa mkaa: kibali kiko wapi, na umetoka wapi? Asipojibu, ubao uende makumbusho ukiwa mzima. Na swali hilo lianzie kwenye sebule za wakubwa wenyewe. Waheshimiwa, tufungulieni milango yenu tuhesabu milango yetu.

Nne, na hili ndilo ninalolipenda: anayetaka nakshi ukutani, anunue mpya! Mafundi wapo. Unguja wanachonga, Bagamoyo wanachonga, Lamu wanachonga mpaka leo. Na hapa Tunduma tuna maseremala wenye mikono mizuri wanaoishia kutengeneza vitanda vya tano kwa sita kwa sababu hakuna anayewaletea kazi nyingine. Mpe kijana wa Majengo ubao wa mninga, mpe mchoro, mlipe, akuchongee waridi na yungiyungi, na pembeni aandike jina lake na mwaka. Ukuta wako utapendeza, fedha itabaki mjini, na miaka mia ijayo mjukuu wako atakuwa na kitu chenye cheti cha kuzaliwa.

NENO KWA VIJANA

Mwisho nigeuke kwetu. Tusijifanye malaika. Aliyetoa amri ni kigogo, lakini aliyeshika msumeno ni mwenzetu. Aliyebeba ni kuli mwenzetu. Aliyeufunga blanketi na kuuweka nyuma ya gari ni tingo mwenzetu. Wao hawana mikono. Mikono yao ni sisi. Siku mikono ikikataa, biashara imekwisha.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu wa foleni ya Mpemba, siku ukiitwa kupakia mzigo, ukagusa ndani ya blanketi ukasikia vidole vinapita juu ya maua ya mti, simama. Uliza: huu umetoka nyumba ya nani? Wakikucheka, uliza tena. Wakikuambia "hiyo ni mbao", toa simu yako upige picha kabla hawajaita msumeno.

Yule seremala nilipomaliza kumweleza haya aliniangalia kwa muda mrefu. Akaingia ndani ya karakana, akapekua chini ya meza kwenye randa na vumbi la mbao, akarudi na kitu kwenye kiganja: kibanzi chembamba, urefu wa kidole, kilichoruka msumeno ulipokuwa unamalizia. Juu yake kuna tarakimu moja tu ya Kiarabu, nyingine zimekatika. Tulikigeuza huku na huku. Ilikuwa tatu.

"Tatu ya mwaka gani, kaka?" akaniuliza.

Waziri mhusika, swali hilo ni lako. Sisi tunasubiri jibu. Mlango ukae mlangoni!